Nikita (1990): dhamiri yake iliamka lini hasa? Mimi nasema mapenzi hayahusiki

#1 Mzee wa Kanda
Wakuu, salaam. Ambaye hajaiona ajue kabisa natoboa mpaka mwisho.

Nimeirudia Nikita ya Luc Besson, ile ya Kifaransa ya mwaka 1990 aliyocheza Anne Parillaud. Kila inaposimuliwa, maneno ni yale yale: binti muuaji wa idara ya siri ya serikali kakutana na mwanaume mpole, kapenda, moyo ukalainika, kazi ikamshinda. Sikubaliani hata kidogo. Marco ni kijana mwema, keshia wa supamaketi, anampenda kwelikweli. Lakini Nikita anaishi naye nyumba moja na bado anaua. Simu inalia, anatoka, anafanya alichotumwa, anarudi wanakula. Kama mapenzi ndiyo dawa, mbona hayakumponya mapema?

Kilichomvunja ni ile kazi ya ubalozini. Mambo yameharibika, wakubwa wakamleta Victor "msafishaji", Jean Reno. Yule bwana haulizi swali. Anaingia na chupa zake za tindikali, anamimina juu ya watu waliolazwa bafuni, na kumbe mmoja hajafa. Anazinduka, anatapatapa, Victor anaendelea kumimina. Mtazameni Parillaud pale, usimtazame Reno. Siku zote alikuwa anapiga risasi na kuondoka. Hapa amelazimika kubaki chumbani aone mwisho wa kazi anayoifanya. Ndipo alipokwisha.

Nani anapinga?

#2 Ngoja Kwanza
Nimeshika siti ya mbele. Wajuzi shukeni.

#3 BintiPangani
Mimi napinga, mzee wangu, tena kwa bafu lingine.

Umeruka Venice. Bob, bosi wake wa ile idara, kawapa Nikita na Marco safari kama zawadi ya uchumba. Wamefika hotelini, wanacheka, wanakaribia kula, simu ya kazi inaingia. Bunduki imeshafichwa bafuni, vipandevipande. Anajifungia, anaiunga, anakaa dirishani akisubiri aambiwe yupi wa kupigwa. Na Marco yuko nje ya mlango anaongea! Anamwambia anavyompenda, anamuuliza kwa nini hamwambii chochote kuhusu maisha yake. Yeye jicho liko kwenye darubini ya bunduki na machozi yanatiririka, hawezi hata kujibu maana sikioni kuna sauti nyingine inamwamuru.

Sasa niambie, mtu asiye na dhamiri analia wakati analenga? Kule ubalozini alipiga kelele kwa kuogofywa, na yeyote angepiga kelele. Venice alilia huku anaifanya kazi, na hakuna tone la damu karibu yake.

#4 Kapteni Mstaafu
Habari zenu.

Nyote mmeingiza dini kwenye jambo la mwili. Nimebeba silaha kwa miaka mingi, mahali sitapataja. Mtu anayeishi akisubiri simu halali vizuri, anashtuka mlango ukigongwa, kucheka kunamtoka kwa nguvu. Akilia bafuni ni mishipa imechoka. Hiyo ni hali niliyoiona kwa vijana wenye roho nzuri na kwa wenye roho mbaya vilevile. Nikita alichoka. Aliyechoka akipata mwanya anaondoka, basi. Dhamiri mnayoisema mnamvika ninyi watazamaji kwa sababu mnampenda.

#5 Dogo Ilala
Kapteni shikamoo. Ila mnasahau deni. Yule alishahukumiwa kuuawa kwa sindano, serikali ikamwokoa. Maisha yake ni ya kukopeshwa, ndiyo maana anatii muda wote ule. Siku alipoona deni limeisha akajiondokea.

#6 Fundi Redio
Dogo, hiyo uliyoiona ni ya Wamarekani ya mwaka 1993, Point of No Return, John Badham kaiongoza, Bridget Fonda ndiye binti. Kule ndiko kuna hukumu ya kifo kwa sindano.

Ufaransa ilifuta adhabu ya kifo mwaka 1981. Nikita wa Besson amehukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua askari polisi usiku ule wa wizi kwenye duka la dawa. Sindano anachomwa, kweli, lakini baada ya hukumu, bila kuambiwa ni ya nini. Yeye anadhani ndiyo kufa, analia anamwita mama yake. Anazinduka kwenye chumba cheupe, Bob anamweleza kwamba kwa dunia ameshakufa na anamwonyesha picha za maziko yake mwenyewe.

Kwa hiyo hakuna aliyemwokoa na kifo. Walimfungua jela ya kawaida wakamtia kwenye jela nyingine. Deni hakuna hapo. Kuna mtu aliyenyimwa hata kaburi la kweli.

#7 Mama Tunu
Fundi, asante, maana umelitaja lile la kumwita mama na wengi hawalioni.

Kinachonisumbua kwenye swali la mleta uzi ni neno "iliamka". Kitu kinaamka kama kilikuwapo kimelala. Tazameni mwanzo ule. Binti hana nyumba, hana jina la ukoo, yuko na wavuta unga wenzake, amelegea chini ya kaunta huku risasi zinalia juu yake. Askari anamkuta, anamwinamia, yeye anampiga risasi kama mtu anayefukuza inzi. Hana chuki naye. Hajui kwamba amefanya kitu. Huyo hakulelewa.

Halafu anaingia kwenye kile chuo chao na anakutana na Amande, Jeanne Moreau. Mama mtu mzima, mtulivu, anamketisha mbele ya kioo, anamfundisha kupaka rangi ya mdomo, kutabasamu, kukaa. Wao walitaka apendeze ili aue vizuri. Lakini huwezi kumfundisha mtu kujitazama kwenye kioo ukamchagulia atakachokiona.

Akiachiwa mtaani, hajui hata kununua chakula. Pale supamaketi anamfuata mama mmoja nyuma, kila anachokiweka kwenye toroli na yeye anaweka. Ile picha mimi inaniliza kuliko Venice. Mwanamke mzima anajifunza kuishi kwa kumnakili mwanamke mwingine asiyemjua. Na ni kwenye foleni hiyohiyo anampata Marco.

Kwa hiyo jibu langu: hakuna siku iliyoamka. Alilelewa upya akiwa mtu mzima, na dhamiri ikaja kidogokidogo pamoja na kupika, kupanga nyumba na kusubiri mtu arudi kazini. Waliomlea ni walewale waliotaka asiwe nayo.

#8 Ngoja Kwanza
Mama Tunu umeniua. Naendelea kusoma.

#9 Ndugu wa Bukavu
Habari ya jukwaa. Mimi niliiona kwa Kifaransa chenyewe, huku kwetu kanda zake zilizunguka sana zamani.

Mnamsahau Bob. Kwangu mambo yote yanaanzia mgahawani. Ni sikukuu ya kuzaliwa ya Nikita, mara ya kwanza kutoka nje baada ya miaka ya mafunzo. Bob kamvalisha, kampeleka Le Train Bleu, ule mgahawa wa kifahari ndani ya stesheni ya Gare de Lyon, Paris. Dari zimechorwa, taa, shampeni. Anampa zawadi imefungwa vizuri na utepe. Binti anafungua na furaha ya mtoto. Ndani mna bastola. Bob anamwonyesha wa kuuawa, meza ya nyuma yake, anamwambia atokee dirisha la chooni, halafu Bob mwenyewe anaondoka.

Anapiga, anakimbilia chooni, anafungua dirisha: limejengwa tofali. Ni mtihani. Inabidi atoroke kupitia jikoni huku anafyatuliwa risasi mpaka anajitumbukiza kwenye shimo la kutupia vitu.

Utazame uso wake kabla na baada ya kufungua boksi. Pale alijua mtu anayempenda duniani amemdanganya. Kuanzia hapo anafanya kazi bila imani. Kuondoka kwake mwishoni ni talaka na Bob, wala si toba kwa waliokufa.

#10 BintiPangani
Ndugu wa Bukavu, talaka na Bob nakubali ipo. Lakini usiwaondoe waliokufa. Kama ni hasira kwa Bob tu, angempiga Bob. Nafasi alikuwa nazo nyingi.

#11 Muuza Kanda
Nje ya mada kidogo, mnisamehe. Mnakumbuka banda umiza? Benchi za mbao, jasho, televisheni moja juu ya meza, na sauti ya mtafsiri juu ya sauti ya filamu. Lufufu alikuwa mfalme wa kazi hiyo kwetu Dar. Filamu ya kigeni ilikuwa inageuka hadithi ya mtaani, jambazi anapewa jina, anapewa na kabila.

Nalileta hili kwa sababu kwenye banda, filamu za wanawake wauaji ziliingia kwa wingi kutoka Hong Kong, na mtafsiri alikuwa anamsemea yule binti mawazo ambayo kwenye filamu hayapo. "Hapa anajuta, jamani, anamkumbuka mtoto wa watu." Ukumbi mzima unanyamaza. Sisi dhamiri ya hao wadada tulihadithiwa kwanza na mtafsiri.

#12 Mwana wa Likoni
Huku Kenya ni DJ Afro, na yeye hana muda wa majuto hata kidogo. Adui akianguka, ni vigelegele tu. Kwa hivyo kizazi changu kililelewa bila dhamiri, Mama Tunu utuhurumie.

#13 Mama Tunu
Nimewahurumia, mwanangu. Njoo Tanga nikulee upya.

#14 Fundi Redio
Muuza Kanda amegusa Hong Kong, kwa hiyo niseme hili.

Baada ya Besson, hadithi hii ilirudiwa mara nyingi. Mwaka 1991 Hong Kong walitoa Black Cat, Jade Leung akapata tuzo ya chipukizi bora kwao. Binti wa pale anapandikizwa kifaa kichwani ili wamwongoze. Mwaka 1997 ikaja tamthilia ya televisheni iliyopigwa Canada, Peta Wilson, ikaenda mpaka 2001. Msimu wa tano ulipatikana kwa kelele za mashabiki, vipindi 8 tu. Kule Nikita hakuua askari yeyote, amesingiziwa. Mwaka 2010 ikaja ya Maggie Q, ambayo yeye ameshatoroka na amerudi kuibomoa idara iliyomfunza.

Mmeona wanachofanya? Mmoja anamwekea kifaa kichwani: basi si kosa lake. Mwingine anamfanya hana hatia tangu mwanzo: basi hana cha kujutia. Wa tatu anamfanya mlipa kisasi, na maadui wote ni wabaya. Kila mmoja ameogopa jambo alilothubutu Besson dakika za mwanzo kabisa: kutupa mtu aliyemuua kwa mkono wake askari ambaye hakumkosea chochote, halafu akatutaka tumfuate.

Bila yule askari, swali la uzi huu halina uzito. Nikita akilia Venice au akipiga kelele ubalozini, kuna mtu wa kwanza ambaye hakuwahi kumlilia. Na filamu haimtaji tena.

#15 Kapteni Mstaafu
Fundi, hapo nakupigia saluti. Na hoja yako inanisaidia mimi: kama ni dhamiri, mbona haikurudi kwa yule askari?

#16 Nuru ya Asubuhi
Kapteni, naomba nikujibu kwa yaliyonikuta, si kwa filamu.

Nilifanya kazi ya kukusanya marejesho kwenye ofisi moja ya mikopo, hii mnayoiita kausha damu. Nilikuwa napewa orodha asubuhi: majina, mitaa, kiasi. Tunakwenda watatu, tunakaa kibarazani kwa mtu mpaka atoe. Asipotoa tunabeba. Nimebeba majiko, magodoro, televisheni. Nilikuwa nalala vizuri tu, Kapteni, nakuhakikishia. Sikuwa nimechoka. Mshahara ulikuwa mzuri na mama yangu nyumbani anakula.

Siku moja tulibeba cherehani ya mama mmoja. Hakulia wala hakutukana. Alikuja akaichomoa sindano na bobini, akatoa kitambaa kilichokuwa chini ya mguu wa cherehani, nguo ya shule ya mtoto imeshonwa nusu, akaikunja. Akasema, "Chukueni sasa." Nikabeba. Sikumwachia. Niliendelea na kazi ile kwa miezi kadhaa baada ya hapo.

Lakini kila nyumba iliyofuata nilikuwa naangalia kitu gani kimeanzwa hakijaisha. Sufuria jikoni. Daftari wazi. Nilipoacha, wenzangu walidhani nimepata kazi nyingine.

Kwa hiyo kuhusu askari wa kwanza: kwangu pia kuna nyumba za mwanzo ambazo sizikumbuki sura za watu. Dhamiri yangu haikurudi nyuma kuwahesabu. Ilianzia kwenye cherehani ikaenda mbele. Simaanishi ni haki. Nasema ndivyo ilivyokwenda. Na Mzee wa Kanda, iliniingia siku ambayo hakukuwa na kelele wala kitisho, kwa hiyo la tindikali mimi silipokei.

#17 Ngoja Kwanza
Nuru, asante kwa kuleta hili. Nzito.

#18 Kapteni Mstaafu
Nuru ya Asubuhi, nimekusoma mara mbili. Nabaki na langu kuhusu Nikita, lako silipingi.

#19 Dada wa Muscat
Salaam kutoka Oman. Kwa nini mmeganda kwa Nikita tu? Kuna filamu inayojibu swali hili moja kwa moja: The Assassin ya Hou Hsiao-hsien, 2015, Shu Qi ndiye muuaji. Hou alipata tuzo ya mwongozaji bora Cannes mwaka huohuo.

China ya enzi ya Tang. Nie Yinniang amelelewa na mtawa wa kike aliyemfundisha upanga. Anatumwa kumuua ofisa mmoja. Anaingia, anakaa juu ya boriti, anamwangalia. Ofisa yuko na mtoto wake mdogo, anacheza naye, mtoto analala kifuani. Yinniang anashuka, anaondoka bila kuua. Mtawa anamkaripia, na adhabu yake ni kupelekwa Weibo, kwao, akamuue binamu yake Tian Ji'an, mtu aliyewahi kuposwa naye.

Saa nzima na zaidi anafanya nini? Anasimama nyuma ya mapazia ya hariri, anasikiliza. Upepo unapeperusha pazia, unamwona, humwoni. Anasikia siri za nyumba, wivu wa mke, hofu ya suria. Anapima akifa huyu mtu nchi itakuwaje, maana mrithi bado mdogo. Kisha anaamua hapana, anarudi kwa mwalimu wake na kumwambia.

Hiyo ndiyo dhamiri, wapendwa. Machozi si lazima. Mtu mwenye uwezo wa kuua bila shida yoyote, ametafakari, akakataa, akakisema kinywani mbele ya mwenye amri. Nikita hakuwahi kumwambia Bob "sifanyi". Alitoroka usiku.

#20 Dogo Ilala
Dada wa Muscat, ile filamu nililala mara ya kwanza, nikalala na ya pili. Ila hoja yako ni kali. Mimi kwa mapigano nawapa Wakorea, The Villainess ya 2017. Mwanzo ule kamera ni macho ya muuaji mwenyewe, unaona mikono tu, mpaka anapogongeshwa kwenye kioo ndipo unaiona sura yake. Na yeye pia anafundishwa na idara ya siri, anamlea mtoto wake mlemle. Mtu yeyote aseme hakumwona Nikita pale.

#21 Mwana wa Likoni
Dogo, kwa hivyo hata Wakorea walirudi kwenye kioo. Mama Tunu anashinda huu uzi.

#22 Mzee wa Kanda
Nimerudi. Asanteni, sikutegemea uzi ufike huku.

BintiPangani: Venice nimeitazama tena jana kwa ajili yako. Machozi yapo. Lakini alipiga. Akaficha silaha, Marco akaingia, maisha yakaendelea, akapewa kazi kubwa zaidi akaikubali. Kulia na kutii vinaweza kukaa nyumba moja miaka mingi.

Nuru: sina la kukujibu, ila nitaitazama tena nikikufikiria wewe.

Dada wa Muscat: Yinniang ana pa kwenda. Ana baba, ana mama, ana kijiji, ana ukoo unaomjua kwa jina. Akikataa, bado ni mtu. Nikita akikataa ni maiti ambaye karatasi zake zimeshafungwa. Kutoroka ndiyo sentensi pekee aliyoachiwa aiseme. Usimpime kwa kipimo cha mtu aliye hai.

Na tindikali siiachi. Baada ya pale anavaa nguo za kiume, anajifanya balozi, anamaliza kazi, Victor anakufa kwenye usukani. Kazi imekamilika. Hakuondoka kwa kushindwa. Aliondoka akiwa amefaulu, na Kapteni, aliyechoka haondoki siku ya ushindi.

#23 Kapteni Mstaafu
Anaondoka siku hiyohiyo, mzee. Kabla ya hapo hapati ruhusa ya kuchoka.

#24 BintiPangani
Na mmempita Marco usiku ule wa mwisho. Anamwambia wazi kwamba anajua kazi yake. Alishagundua siku nyingi akanyamaza. Hamsimangi. Kabla ya hapo Nikita alikuwa na sehemu moja duniani ambako yeye ni mtu mwema, nayo ni macho ya Marco. Kumbe macho yale yaliona kila kitu na bado yanampenda. Hapo ndipo hawezi kubaki, maana kubaki ni kumfanya Marco mshirika. Mapenzi yanahusika, Mzee wa Kanda, hata ukiandika kichwa cha uzi kwa herufi kubwa.

#25 Ndugu wa Bukavu
Na wanaobaki mezani ni Bob na Marco, wanaume wawili waliompenda, wanakubaliana kwamba watamkumbuka. Hakuna hata mmoja anayemtaja marehemu yeyote. Ndiyo maana nasema hii ni filamu ya talaka.

#26 Fundi Redio
Jambo moja halijasemwa. Besson hakumaliza na msafishaji. Mwaka 1994 alimchukua Jean Reno yuleyule, kazi ileile ya kuua kwa malipo, koti refu, uso mkavu, akamfanya Léon, na akampa mtoto wa kike wa kumlinda. Victor hakuwa na tone la huruma. Miaka minne baadaye mtu wa sura hiyohiyo anakufa kwa ajili ya mtoto wa jirani. Mimi naona Besson mwenyewe alisumbuliwa na lile bafu la Mzee wa Kanda, akarudi kulirekebisha.

#27 Mama Tunu
Akamrekebisha mwanaume, akampa na filamu yake nzima. Nikita hatujui hata alilala wapi usiku ule.

#28 Dogo Ilala
Fundi, fungua uzi wa Léon. Na Kapteni uwe wa kwanza kuchangia, nataka kusikia kama na yule alichoka tu.